Vitenzi kutoka Bukini

Posta ya Jeshi, Bukini
14 Februari 1943

Mke wangu Nyamvula,

Najua umengoja. Najua kila aliyepita hapo Frere Town na mfuko wa posta ulimtazama mikono kabla ya kumtazama uso. Nisamehe kwa ukimya wote huu tangu vuli. Kazi zilinizonga na karatasi zilikuwa adimu. Niko mzima, nakula, nalala, na mkono wangu wa kuandikia unauona mwenyewe haujaharibika.

Huku Bukini, kisiwa ambacho Wafaransa hukiita Madagascar, nimepata jirani, mzee wa Kingazija aitwaye Fundi Mmadi. Kwao fundi ni mwalimu. Amewafundisha watoto Kifaransa mpaka ndevu zimekuwa nyeupe, na Kiswahili anakijua kwa sababu aliishi Unguja ujanani. Tunashinda pamoja mchana kutwa, basi ananifundisha.

Wewe mwalimu wa watoto wadogo utafurahi ukisikia namna yake. Anachukua kitenzi kimoja, anakikata silabi silabi kama akataye muhogo, kisha ananionyesha silabi ya kuikalia. Sisi mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tu-na-SE-ma. Wao huupeleka mwisho kabisa: nous par-LONS, ndiyo tunasema, vous par-LEZ, mnasema. Ila neno likiishia na ile e yao dhaifu, e hiyo haibebi kitu, mkazo unarudi nyuma: je PAR-le, ninasema. Na wakitaka kuandika "wanasema", huandika ils parlent, kisha zile herufi tatu za mwisho hawazitamki hata kidogo. Ni kama mtu aliyepanga viti vya wageni wasiokuja.

Asubuhi ya leo mtu alikuwa akichoma korosho nje ya dirisha. Harufu ile ilinitoa hapa ikanifikisha Kisauni, kwenye baraza yetu, wewe umekaa na sinia mapajani unamenya na kunigombeza kwamba nazila zikiwa moto. Nilifumba macho nikakaa hapo kitambo. Mtu wa korosho alipoondoka nikabaki na Bukini yangu.

Nisalimie wote wa kanisani.

Wako,
Jefwa


Kisauni
21 Machi 1943

Mume wangu Jefwa,

Barua yako ilinikuta darasani. Niliwaambia watoto waandike chochote wanachotaka, nikatoka nje nikasoma nimesimama. Niliporudi, nusu yao walikuwa wamechora meli. Nikawapa alama zote.

Hizo herufi tatu zimeniudhi kweli kweli. Mtoto wa darasa langu akiniandikia kitu asichokisema ningemrudishia ubao wake. Ningemwambia, "Mwanangu, kila herufi ni mtu, usimweke mlangoni halafu usimkaribishe." Mwambie Fundi Mmadi nampa shikamoo, lakini lugha yake ina ubadhirifu.

Hata hivyo nimejaribu. Nilikuwa nikipepeta mchele nikisema par-LONS, par-LEZ, mpaka mama Mwanarehema wa jirani akachungulia akauliza, "Nyamvula, unamfukuza nani?" Midomo yangu haitaki kwenda mwisho. Inataka kushuka mapema, kama mtu ashukaye ngazi aliyoizoea.

Unakumbuka Jumapili ile tulipokuwa hatujaposana bado, ukasoma somo la Waebrania ukapotea katikati? Ulinyamaza kidogo, kisha ukaendelea kwa sauti ile ile, na hakuna aliyejua kwamba ulikuwa unatunga mpaka kasisi alipokohoa. Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nafuatisha kwa kidole. Siku ile ndipo nilipoanza kukutazama. Siku hizi anasoma Ruwa. Anasoma kama mtu anayekimbia mvua. Kila mtu ananiuliza, "Msomaji wetu atarudi lini?"

Chakula kimekuwa kigumu, mahindi tunapimiwa. Lakini daraja la Nyali bado linalia chini ya miguu maji yakijaa, na kengele yetu bado inachelewa. Hakuna kilichobadilika ambacho usingekitambua.

Wako,
Nyamvula


Posta ya Jeshi, Bukini
9 Mei 1943

Nyamvula wangu,

Nimekusoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo.

Masomo yanaendelea. Tulianza na pa, tukaenda ba na ma, na hizo sasa nazisema bila taabu. Juzi nilisema bu-VONS, yaani tunywe, na watu wote hapa wakapiga makofi. Ta na da bado zinaniponyoka. Lakini kuna habari njema: ra ya Wafaransa nimeiweza kabla ya nyingine nyingi, maana hutoka kooni, karibu na ghaini yetu, na haihitaji ncha ya ulimi. Fundi ananifurahia. Anasema mkazo wa mwisho ni dawa, kwa kuwa hauniruhusu kulitupa neno kabla halijafika.

Kuna jambo jingine la kukueleza. Afisa wa bohari amependa mwandiko wangu. Anataka nibaki huku kama karani hata baada ya kikosi kurudi, pengine miaka miwili, pengine zaidi. Nimemwambia nitafikiri. Ni kazi ya kimya, kalamu na karatasi tu. Nadhani inanifaa.

Kuhusu kusoma kanisani, mwache Ruwa aendelee. Ni kijana mzuri. Atazoea.

Jana nilimweleza Fundi jinsi jua la saa kumi linavyoingia kanisani kwetu na kuangukia mabenchi ya kina mama, na vumbi linavyocheza ndani yake. Akasema kwao Ngazija msikiti una jua la namna hiyo hiyo. Basi tukakaa sote wawili, kila mtu kwao.

Jefwa


Kisauni
6 Juni 1943

Jefwa,

Nimepata barua yako. Miaka miwili, pengine zaidi, na umeiweka katikati, baina ya herufi ra na jua la kanisani, kana kwamba ni habari ya kuku aliyepotea.

Kama kuna mtu huko, niambie jina lake. Kama hakuna mtu, niambie ni nini. Mimi si mtoto wa kupewa silabi moja moja.

Nyamvula


Kisauni
27 Juni 1943

Mume wangu,

Usiijibu barua yangu iliyotangulia. Ichane. Soma hii.

Nilisikia kwamba Kioko wa kikosi chenu amekuja likizo, nikaenda kwao Changamwe kumtafuta. Wanakaa kwenye nyumba za reli, na mkewe Nduku alinipokea vizuri, akanipa uji. Kioko alikuwa amekaa kizingitini akifunga kamba za viatu ambavyo vilikwisha fungwa.

Nikamwuliza, "Jefwa yu hali gani?"

"Mzima, shemeji. Anaandika vizuri sana."

"Hilo naliona. Mnapokaa pamoja bado anawasomea?"

Akainamia viatu. "Anaandika vizuri, shemeji."

"Kioko, mimi nimekuuliza habari ya kusoma."

Nduku akamwambia kitu kwa Kikamba, kwa ukali. Naye akasema, "Niliapa," akainuka akatoka akaenda upande wa reli. Nikabaki na bakuli la uji. Nduku akanishika bega, maana na yeye hajui.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naisema barua yako kichwani. Kisha nilipokuwa juu ya daraja nikasimama. Pa, ba, ma. Ta na da zinaniponyoka. Jefwa, mimi kazi yangu ni hiyo. Mwaka jana nilikuwa na mtoto, Kache, aliyezaliwa ulimi wake umefungamana chini. Tulikwenda naye hivyo hivyo: kwanza herufi za midomo, kwa sababu midomo yake ilikuwa huru, na zile za ncha ya ulimi tukaziacha mwisho. Hakuna mwalimu anayemfundisha Kifaransa mtu mzima mwenye ulimi mzima kwa kuanza na pa. Na hakuna askari anayepigiwa makofi kwa kusema "tunywe".

Si Kifaransa unachofundishwa. Unafundishwa kusema.

Niambie limekupata nini. Sitalia mbele ya watu.

Nyamvula


Hospitali, Majunga, Bukini
15 Agosti 1943

Nyamvula,

Kioko hakunisaliti, basi simlaumu. Nilisahau tu nimemwoa nani.

Ilikuwa Novemba. Lori letu lilipinduka mlimani, barabara ikiwa matope. Wengine walitoka na michubuko. Mimi taya lilivunjika pande mbili, na meno yangu mwenyewe yakakata ncha ya ulimi. Waliufunga mdomo wangu kwa waya wiki nyingi nikawa nakunywa supu kwa mrija. Walipoutoa waya nilitaka kusema jina lako. Kilichotoka hakikuwa jina. Kilikuwa sauti ya mnyama aliye ndani ya gunia. Mgonjwa mmoja alicheka, si kwa ubaya, naye akanyamaza alipoona macho yangu.

Nikaapa sitasema tena. Niliandika kwenye kibao kila nilichotaka. Hata ile habari ya jua la kanisani niliyokuambia nilimweleza Fundi Mmadi, niliiandika.

Yeye yuko kitanda cha pili, mguu wake ulivunjwa na pipa bandarini. Aliniacha siku kadhaa, kisha akaniambia, "Mwanangu, Kiswahili unakionea haya kwa sababu unakumbuka ulivyokisema. Kifaransa hukijui. Huko sote tunaanza kama watoto, hakuna atakayesema ulikuwa bora zamani." Akaandika par-lons, akalipigia mstari lons, akasema, "Fika hapa. Usijali ulivyoanza, fika hapa tu." Ndivyo tulivyoanza. Kitenzi kimoja asubuhi, nafsi zake zote, kila silabi mahali pake. Nilitema mate, nilitoka jasho. Siku nyingine nililia. Yeye alikuwa akirudia kwa sauti ile ile, kama maji.

Sasa nasema. Watu wananielewa wakinipa muda. Lakini nimezoea kuusukuma mwisho wa neno, la sivyo ulimi unaumeza. Nikisema Kiswahili sasa nasema tunasemá, nyumbaní. Ra yangu inatoka kooni. S inapiga mluzi. Nyamvula, mimi ndiye niliyekuwa nikisoma Waebrania. Watu walikuwa wakija kutoka Mtwapa kusikiliza. Nitasimamaje pale watoto wako wakinicheka? Utanisikiaje wewe, usiku na mchana, maisha yote?

Ndiyo maana bohari. Hapa hakuna anayejua sauti niliyokuwa nayo. Nakutumia matumizi yote, sitaoa, sitakusahau. Nataka uikumbuke ile ya zamani tu.

Jefwa


Kisauni
19 Septemba 1943

Jefwa,

Nilisema sitalia mbele ya watu. Nimelia bandani na mbuzi.

Kisha nikakasirika, na hasira haijaniisha, kwa hiyo nisome polepole. Mfupa wako ulivunjika nami nikawa hapa napepeta mchele naimba par-LONS, nikicheka. Umempa Mngazija nisiyemjua, na Mungu ambariki, kazi iliyokuwa yangu. Nani alikuambia kwamba mimi ndiye mtu wa kufichwa?

Unaniuliza nitakusikiaje. Jefwa, mimi nasikiliza watoto arobaini kila asubuhi. Yuko asemaye "lafu" badala ya "rafu", yuko amezaye ka, yuko ambaye hajaniambia neno tangu Januari, nami namsikiliza hata huyo. Ukija nitakusikia. Nikikosa neno nitakuambia, "Rudia." Nitakuambia hivyo mbele ya wageni pia, wala usitarajie nikuonee huruma.

Unataka niikumbuke sauti yako ya zamani. Nitakuambia kweli, nawe usivunjike moyo: imeanza kunitoka. Nakumbuka kwamba ilikuwa nzuri, lakini nikitaka kuisikia siisikii tena. Nasikia tu watu wakinisimulia. Niliamka siku moja nikaitafuta nikakosa, nikaogopa sana. Sina sauti yoyote ya mume humu ndani. Ningependa kuwa nayo hata iliyovunjika, nikiwa jikoni niisikie ikiuliza chumvi iko wapi.

Watoto watakucheka. Wiki moja, mbili. Kisha watakuzoea, maana mtoto hucheka kilicho kipya.

Mwambie afisa wa bohari atafute mwandiko mwingine.

Nyamvula


Hospitali, Majunga, Bukini
5 Desemba 1943

Nyamvula,

Leo Fundi amenipa kitenzi revenir, kurudi. Wakati ujao, nafsi ya kwanza: je re-vien-DRAI. Nikarudia. Akaniuliza maana yake, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti, chumba kizima kikasikia.

Afisa nimemjibu. Wananitoa jeshini kwa ajili ya taya. Meli haijatajwa siku.

Naogopa.

Jefwa


Frere Town, Kisauni
22 Aprili 1945

Kwa Fundi Mmadi, Majunga

Shikamoo, baba. Hatujaonana, lakini nimekufahamu kwa vitenzi vyako. Mimi ni Nyamvula, mke wa Jefwa. Yeye alikuandikia alipofika, najua, lakini barua zake ni fupi, na yako mambo hawezi kukueleza kwa kuwa yanamhusu.

Alishuka Kilindini Machi ya mwaka jana. Nilimwona kabla hajaniona. Taya lake limekaa upande, nami nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Sikuwa nimejitayarisha kwa namna alivyoniita. Aliweka uzito wote mwishoni, kana kwamba jina langu ni mlango mzito anaoufunga polepole ili usigonge. Nyamvulá. Nikamwambia, "Rudia." Akadhani hakueleweka, uso wake ukashuka. Nikamwambia, "Nimesikia. Rudia tu." Akarudia, na makuli wakapita na magunia yao kati yetu, akarudia tena.

Usidhani ilikuwa rahisi baada ya hapo. Miezi mingi hakusema na mtu isipokuwa mimi. Wageni walikuja kumpa mkono, akawaitikia kwa kichwa. Watu wakasema amerudi na kiburi cha Kizungu. Nilimwambia wanavyosema, akajibu, "Afadhali kiburí." Jumapili alikuwa akikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na Ruwa alipokuwa akisoma nilimwona anasogeza midomo. Nilikuwa nageuka nikitazama mbele.

Mwaka huu mwezi wa pili tukapata mtoto wa kiume.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Na wakati wa kubatizwa kasisi huuliza, na baba hutaja jina mbele ya kanisa. Marehemu baba mkwe wangu aliitwa Garama. Nilipofikiria ile ra katikati nikaingiwa na huruma, huruma niliyokuwa nimemwahidi sitakuwa nayo. Nikamwambia, "Jefwa, tumwite jina jepesi la Kikristo. Ama nilitaje mimi. Kasisi atakubali, nimemwuliza."

Aliweka kikombe chini. "Umemwuliza kasisí?"

"Nilimwuliza tu."

"Mtoto wa naní?"

"Wako."

"Basí," akasema, akachukua kikombe chake akamaliza chai.

Jumapili ya ubatizo kanisa lilijaa, maana watu walijua. Walikuja hata wasiokuja Pasaka. Kioko na Nduku walitoka Changamwe saa kumi na mbili asubuhi. Kasisi akamchukua mtoto akasema, "Mtajeni mtoto huyu." Jefwa alisimama. Akavuta pumzi. Nikasikia benchi likilia nyuma, nikauma mdomo wangu ili nisimsaidie.

Kisha akasema. Ga, ikatoka safi. Ra, ikatoka kooni, na vumbi lake, kama ulivyomfundisha. Na ma akaisukuma mpaka ikafika ukuta wa mbele.

"Ga-ra-MÁ."

Kasisi wetu ni mgeni, ametoka bara, wala hakuwahi kumjua marehemu. Alilichukua jina kama alivyopewa. Akachota maji akasema kwa sauti kuu, "Garamá, nakubatiza," akaendelea, na mkutano wote ukaitika amina. Nilimtazama Jefwa nikadhani ataona aibu. Alikuwa analia na kucheka, hata hakuficha mdomo.

Sasa, baba, mtoto ni huyo. Hakuna mtu wa Frere Town anayemwita kama babu yake alivyoitwa. Mama Mwanarehema anapita dirishani, "Garamá hajambo?" Watoto wa darasa langu humwita hivyo hivyo. Ruwa alimwandika hivyo kwenye daftari la kanisa, akaweka alama juu ya a ya mwisho, alama niliyomwonyesha mimi. Jana shangazi yake alikuja kutoka Rabai, hajui lolote, akamnyanyua akamwita Garáma, Garáma, kama kawaida yetu, kwa mapenzi kabisa. Mtoto alitazama dari. Jefwa alikuwa uani anapasua kuni, akaita mara moja. Kichwa kikageuka.

Wako katika shukrani,
Nyamvula